Bweni la Milia

Kasulu,
13 Agosti 2023

Kwa Safina Shamsi,

Habari za siku nyingi. Naomba usiichome barua hii kabla hujafika mwisho. Huenda mwandiko umeutambua. Kama hukuutambua, ni mimi Divine wa Murusange, binti wa Mama Esteri, uliyekaa naye dawati moja mpaka darasa la saba.

Najua hatujasemeshana tangu kampeni za mwaka 2020, baba yako alipomshinda mama yangu udiwani na watu wenu wakapita mbele ya nyumba yetu wakipiga masufuria. Sikuandikii kwa ajili ya hayo.

Nakuandikia kwa ajili ya Immakulata. Mdogo wangu anafanya mtihani wa darasa la saba mwezi ujao, na walimu wanasema atafaulu. Akifaulu atapangiwa sekondari yetu ya kata, hiyo hiyo unayosoma wewe. Wewe unatoka Gahembe, shule unaiona ukiwa mlangoni kwenu. Sisi wa Murusange tuna mto Mwiruzi katikati, na mvua zikikolea daraja la magogo huzama. Wasichana wa kwetu hupanga vyumba karibu na shule, wanapika wenyewe na kulala wenyewe, na yaliyompata Niyonkuru huko geto unayajua kuliko mimi. Mama ameapa: "Pasipo bweni, mtoto wangu haendi. Atalima maharage na mimi." Mama hana kawaida ya kuapa kisha akageuka.

Baba yako ni diwani. Mimi siwezi kumwandikia, si adabu, na mama akisikia atasema nimekwenda kuomba chumvi kwa jirani aliyetucheka. Lakini wewe unakula naye. Muulize tu: yale maboma mawili ya bweni yataisha lini?

Hapa shuleni tuko wengi sana bwenini, na taa zikizimwa kila mtu ana mtu wa kunong'ona naye. Mimi nilizoea kulala na Immakulata. Yeye hulala upande wa ukutani kwa sababu huanguka, kisha hunisukuma kwa magoti mpaka asubuhi. Huku hakuna wa kunisukuma, na usingizi hauji. Wenzangu wanadhani nakariri masomo moyoni.

Ukiamua kujibu, mpe barua Bazilio, konda wa basi la Kasulu. Ataifikisha getini.

Wako katika masomo,
Divine Ndayikunda,
Kidato cha Tatu


Gahembe, Kibondo,
2 Septemba 2023

Divine,

Sikuichoma. Niliificha chini ya gunia la chumvi dukani kwetu mpaka hasira ziliponiisha, ndipo nikaitoa. Miaka mitatu, aisee! Ulipochaguliwa kwenda Kasulu hukuja hata kuniaga. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa duka, nikakuona unapanda basi na sanduku lako la bati, ukageuza uso. Basi. Nimeshasema, sitarudia.

Na hao waliopiga masufuria walikuwa wa Gahembe, ndiyo, ila masufuria mengine waliazima Murusange. Hilo hulijui?

Nilimuuliza baba. Sikumtaja aliyenituma. Nilisema, "Baba, mtoto wa Mama Divine akifaulu atalala wapi?" Akaacha kutafuna. Akasema, "Kwani mama yake hana mdomo wa kuniuliza?" Mama yangu, unamjua Bi Zena na lafudhi yake ya Ujiji, akadakia: "Na wewe Shamsi huna miguu ya kwenda kumwambia?" Baba akavuta maji ya kunawa.

Sasa sikia hali ilivyo. Halmashauri imetangaza kwamba itaezeka bweni ambalo wananchi wenyewe wameinua kuta mpaka kwenye lenta, juu ya madirisha, kabla ya Desemba. Kila kijiji kijenge boma lake, kisichofika kisubiri. Sisi tunalo boma letu hapa jirani na shule, lilianzwa na watu wa chama cha baba. Ninyi mnalo lenu Murusange. Watu wa chama cha mama yako walilianza mwezi ule ule ili wasionekane wamelala. Letu limeishia madirishani. Lenu limeishia madirishani. Ndani ya letu wanalala mbuzi. Ndani ya lenu, nasikia, umeota mpapai na tayari unazaa. Hakuna upande wenye matofali ya kumalizia. Fundi Pasikali alisema yakiunganishwa yanatosha bweni moja zuri. Akafukuzwa huku, akaenda kule akafukuzwa pia.

Usidhani kwamba kwa kuwa mimi niko nyumbani basi siko peke yangu. Kidato cha kwanza tulikuwa wanne kwenye meza moja. Niyonkuru ana mtoto sasa. Mwingine kaolewa. Mwingine yuko Kahama anafanya kazi za ndani. Nimebaki mimi na majina yao waliyoyachora kwenye mbao. Mwalimu akisema "jadilianeni na jirani yako", mimi hutazama dirishani.

Safina


Kasulu,
17 Septemba 2023

Mpendwa Safina,

Nimeandika "mpendwa". Kama ni mapema mno, unisamehe.

Asante kwa kumuuliza baba yako. Nimesoma barua yako nyuma ya jiko la shule ili nicheke bila kuulizwa ninacheka nini. Fundi Pasikali yuko sahihi. Kwenye mdahalo wetu wa Alhamisi mwalimu alisema kwamba watu wasiopendana wanaweza kufanya kazi moja, mradi wakubaliane kazi ni ipi. Niliandika maneno hayo nyuma ya daftari. Nadhani wazazi wetu wanaweza.

Ila nina ombi moja. Liunganishwe Murusange.

Nitakuambia sababu. Matofali ya boma letu yalifyatuliwa na baba yangu. Unamkumbuka baba, Fidele, alivyokuwa akiimba akiwa ndani ya shimo la udongo, anasikika mpaka ng'ambo kwenu? Kila tofali bichi alilibonyeza kidole gumba pembeni kabla halijakauka. Tulipomuuliza ni ya nini, alisema, "Ili Imana huko mbinguni ijue la kwangu ni lipi." Alifariki tanuri la mwisho halijapoa. Tulimzika, na kesho yake watu wakaja kutoa matofali yakiwa bado yana vuguvugu. Kwa hiyo ukuta ule kwetu si wa chama. Nikirudi likizo hupita pale kwanza, kabla sijaingia nyumbani kumwamkia mama.

Baba yako akitaka umoja, alete matofali yenu kwetu. Tafadhali liseme hilo kwa maneno yako mazuri, usiseme kama nilivyolisema mimi.

Siku ya kutembelewa mama hakuja. Nilivaa sare safi nikakaa kwenye ngazi za bwalo mpaka wenzangu walipoanza kuosha masufuria walimoletewa chakula. Je, mama ni mzima? Umemwona sokoni?

Wako,
Divine


Gahembe,
15 Oktoba 2023

Divine,

Mama yako ni mzima. Nimemwona soko la Kitahana, akanishika shavu, akaniuliza kama nasoma au nauza pipi tu. Immakulata amemaliza mtihani, anasema Hisabati ilikuwa rahisi. Huyo mtoto ana majivuno, nampenda.

Kuhusu ulichoniomba, siwezi kuandika. Bazilio ni mpwa wa katibu wa chama chenu, na gundi ya bahasha zetu ni dhaifu. Naijua, ndiyo ninayoiuza.

Basi nikupe habari ya kawaida. Nyumbani kwetu kumekuja dumu la umutobe. Unajua sisi pombe ya ndizi haipiti mlangoni, lakini maji ya ndizi yaliyokamuliwa leo, kabla hayajachacha, hata baba hunywa. Huu una harufu ya mchaichai. Nilipoonja nilikukumbuka, nikamkumbuka mtu mmoja anayechanganya mchaichai kwenye nyasi za kukamulia.

Usiniulize zaidi. Uniamini kidogo.

Safina


Kasulu,
29 Oktoba 2023

Safina,

Leo ilikuwa tena siku ya kutembelewa, na tena mama hakuja. Alikuja mama yake Nkunzimana, jirani yetu, kumwona binti yake. Aliponiona akanipa mkono kama mtu anayetoa pole msibani.

"Poleni na boma," akasema.

Nikamuuliza boma gani. Akasema watu wa diwani wanalivunja. Wanapakia matofali kwenye baiskeli na kuyavusha mto mchana kweupe, mpaka mpapai umebaki wenyewe umesimama uwanjani. Nikamuuliza, "Na mama?" Akasema, "Mama yako amesimama tu, anatazama."

Nilikueleza habari za kidole gumba. Sijawahi kumweleza mtu mwingine yeyote, hata anayelala kitanda cha juu yangu. Nilikuomba maneno mazuri, wewe ukampelekea baba yako njia. Sasa naelewa kwa nini hukuweza kuandika. Na huo umutobe wa mama yangu mliunywaje? Mliununua, au nao mliuvusha?

Baba yako alishachukua kura. Angetuachia ukuta.

Usiniandikie tena.

Divine F. Ndayikunda


Gahembe,
5 Novemba 2023

Divine,

Barua yako nimeipata. Nimeapa kwa mtu mzima kwamba sitasema, na nikisema sasa kuna kitu kitaanguka ambacho wewe mwenyewe unakitaka kisimame. Kwa hiyo chukia tu, nitangoja.

Safina


Murusange,
19 Novemba 2023

Mwana wanje Divine,

Urakomeye? U mzima? Mimi nipo. Immakulata yupo, mbuzi amezaa mapacha. Kalamu kwangu ni nzito kuliko jembe, kwa hiyo sitazunguka.

Boma la baba yako nimelivunja mimi. Tofali la kwanza nililitoa kwa mikono yangu, watu wakitazama, ili asije mtu akasema tumeibiwa. Nasikia kuna aliyekuambia vingine. Ni kweli nilisimama nikitazama. Nilikuwa nimechoka, baada ya kubeba tangu alfajiri.

Shamsi alikuja hapa mwezi wa tisa. Alikuja kwa miguu, na kandambili, bila mtu wa kumfuata. Alisimama uani akasema, "Mama Divine, mimi nilikushinda kura. Lakini hawa mabinti wanaoacha shule wametushinda wote wawili." Nikamwambia, "Diwani, maneno matamu ulimaliza yote kwenye kampeni, haya umeyatoa wapi?" Akacheka. Nilikuwa sijamwona akicheka bila kipaza sauti. Nikampa kiti.

Tulibishana mpaka jua likageuka. Yeye alitaka Gahembe, mimi nilitaka hapa. Kisha akaniuliza: "Bweni likiwa huku, asubuhi watapita wapi kwenda darasani?" Mto, mwanangu. Nilikuwa nalijua hilo miaka yote, nikakataa kulitazama, kwa sababu ukuta ule ulikuwa unanisalimia kila nikienda kisimani.

Tulikubaliana tusiseme kitu mpaka kuta zifike lenta. Wakubwa wa chama chake wangemzuia, na wa chetu wangeniita msaliti. Wameshajua, na wameshaniita. Nimevuliwa uongozi wa akina mama. Kwenye maombi Jumatano nilikaa benchi peke yangu. Sawa, benchi ni pana.

Vijana wetu walikataa kubeba pasipo pombe. Walisema ikibiri, kazi ya kusaidiana, haijawahi kufanywa kwa chai ya mchana, ng'ombe tu ndiye hufanya kazi kwa maji. Mimi mlokole, Shamsi Mwislamu, nani angepika? Nikakamua umutobe madumu kwa madumu. Nikawaambia, unanyweka leo tu. Anayengoja uwe mchachu, angoje na aibu yake. Walinung'unika, wakanywa, wakabeba. Mkewe Shamsi akaleta kalimati, wakaacha kunung'unika.

Kabla sijatoa lile tofali nilikwenda kaburini nikamwambia baba yako. Hakujibu. Hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa kujibu upesi.

Siku za kutembelewa sikuja kwa sababu sikujua ningekutazamaje. Binti wa Shamsi asilaumiwe. Mimi ndiye niliyemwapisha.

Kula, hata kama maharage yana wadudu. Imana ikurinde.

Mama yako,
Esteri


Kasulu,
26 Novemba 2023

Safina,

Mama ameniandikia.

Nimeanza barua hii na kuichana, nimeanza tena. Hakuna namna nzuri ya kuiandika. Ulinipa harufu ya mchaichai na mimi nikakutukana nayo. Nisamehe, kama bado kuna nafasi chini ya gunia la chumvi.

Nisimulie ukuta ulivyo. Usinisimulie kwa kunifariji, nisimulie tu kama mtu aliyeuona.

Divine


Gahembe,
3 Desemba 2023

Divine,

Nilikuambia nitangoja, na nilingoja. Yaishe.

Ukuta ni kituko! Sikia. Walipoanza kujenga, fundi Pasikali aliweka tofali lenu juu ya letu, akashika kichwa. Matofali hayalingani! Watu wenu walichonga kalibu yao ya kufyatulia, yetu hawakutaka hata kuiona, na yetu ilichongwa na mtu ambaye yenu hakutaka kuiona. Yenu ni marefu na mekundu kama udongo wa bondeni. Yetu ni mafupi, manene, rangi ya ugali wa muhogo. Ukiyachanganya kwenye kozi moja, yaani mstari mmoja, ukuta unapinda kama nyoka. Kazi ikasimama. Mzee mmoja wa kwetu akasema, "Mungu mwenyewe amekataa muungano." Mama yako akamwambia, "Mungu hakuchonga kalibu, mlichonga ninyi. Pasikali, jenga kozi moja yao, kozi moja yetu."

Ndivyo ilivyojengwa. Mstari mwekundu, mstari mweupe, mpaka kwenye lenta. Unaonekana tangu barabara ya Kitahana. Watoto wanaliita bweni la milia.

Jana ilikuja kamati ya halmashauri kukagua, magari mawili. Mwenyekiti wao akashuka, akatazama, akavua miwani, akaivaa tena. "Mheshimiwa diwani," akasema, "hii punda milia ni ya chama gani?" Watu wakacheka, ila baba hakucheka. Kola ya shati lake ilikuwa imelowa jasho. Akasema, "Hilo muulize mwenzangu." Akasogea pembeni, Divine, akampisha mama yako mbele ya watu wote. Mama yako akawaamkia kwa kupiga makofi kama Waha wanavyoamkia wakubwa, kisha akasema, "Ni ya mabinti, mheshimiwa. Sisi vyama vyetu vinalala nyumbani."

Mwenyekiti akasema utaratibu ni boma moja kwa kijiji kimoja, na hili ni la vijiji viwili, haliingii popote kwenye utaratibu. Hapo ndipo baba alipoongea. Alisema, "Basi utaratibu ndio mfupi, si ukuta. Hesabuni kwa shule, si kwa kijiji, kwa maana mtoto hasomi kijijini kwake, anasoma shuleni." Mama yako akaongeza: "Na vitanda vya kwanza wapewe wanaovuka maji." Watu wa kwenu wakapiga vigelegele, watu wa kwetu wakasahau wakajibu. Kamati imesema italipeleka hilo kwenye baraza la madiwani.

Kidole cha baba yako kipo. Pasikali hakuyachagua, ameyaweka yalivyokuja, mengine yametazama nje, mengine ndani. Nilitia kidole gumba changu kwenye moja, kikazama chote. Alikuwa na dole kubwa.

Mnafunga lini? Njoo uone. Njoo dukani.

Safina


Gahembe,
20 Januari 2024

Divine,

Baraza limekaa. Wamekubali! Kuanzia sasa wilaya nzima mabweni yatahesabiwa kwa shule, na vijiji jirani vinaruhusiwa kujenga pamoja. Wanaovuka maji watangulie kupewa vitanda. Baba aliposoma tangazo ubaoni alilisoma kwa sauti, kisha akatazama nyuma kama anayemtafuta mtu. Mama yako hakuwepo. Alikuwa shambani.

Lakini bati hazijaja. Zimewekwa kwenye bajeti mpya, ambayo inaanza Julai. Kuta zimefunikwa majani ya migomba zisiloane. Na baba ameambiwa na wakubwa zake asihangaike kuchukua fomu ya udiwani mwaka kesho. Siku hizi anashinda dukani, anapanga sabuni ambazo zilishapangwa.

Sasa jambo lenyewe. Mwiruzi umejaa. Juzi mama yako alimvusha Immakulata kabla daraja halijazama, akiwa na godoro kichwani. Akasimama mlangoni petu. Mama yangu akamwambia, "Karibu ndani, Mama Divine." Akasema, "Nitaingia siku nyingine." Mama yangu akasema, "Siku nyingine ipi? Bweni halina paa, mtoto atalala juu ya mti?" Akaingia. Alikaa ukingoni mwa kiti. Akanywa chai yote, akaomba maji ya kuoshea kikombe, mama yangu akamnyang'anya kikombe. Alipoondoka mvua ilikuwa inanyesha. Nilimtazama mpaka alipopotea upande wa mtoni.

Kwa hiyo Immakulata analala chumbani kwangu, kitanda kimoja na mimi, mpaka paa liezekwe. Mchana ana majivuno yake yale yale, tayari amemsahihisha mwalimu wa Hisabati. Lakini taa ikizimwa anageukia upande wa mlango na kulia bila sauti. Sijui nimfanyeje. Na usiku wa kwanza alianguka kitandani, kishindo mpaka baba akaja na tochi.

Safina


Kasulu,
28 Januari 2024

Mpendwa Safina,

Nimesoma habari za baraza kwenye ngazi za bwalo, pale pale nilipokuwa nikingoja wageni. Nimefurahi, nikatafuta mtu wa kumwambia. Nikamwambia msichana aliyekuwa anafua jirani yangu. Akasema, "Hongereni," akaendelea kufua.

Nataka nikuambie kuhusu Desemba, kwa kuwa tulipoonana hatukusema. Nilikuja dukani kama ulivyoniita. Watu walikuwa wengi. Ukaniuliza, "Nikupe nini?" nami nikasema, "Kiberiti." Ukanipa kiberiti. Nyumbani tulikuwa na viberiti. Nilitembea mpaka mtoni nikijiuliza kwa nini mtu ninayemwandikia kila kitu sikuweza kumwambia hata fuatana na mimi tukauone ukuta. Nadhani tumezoea karatasi. Nadhani pia tuliogopa macho ya watu, kama wazazi wetu walivyoogopa, ila wao waliacha.

Nilikwenda kuuona peke yangu. Ni mzuri. Niliyatafuta matofali ya baba, nikayapata machache. Mengine yametazama ndani ya udongo na hayataonekana tena, na hayo machache yatapigwa plasta bati zikija. Kisha nikaenda Murusange mahali boma lilipokuwa. Mama amepanda maharage pale, yamestawi kwa mraba kamili, kama chumba. Mpapai aliuacha. Nilisimama kidogo, nikaingia nyumbani kumwamkia.

Sasa mama yuko mwenyewe. Nyumba ile ilikuwa na watu wanne. Kabla sijaondoka nilimwona akikamua umutobe, dumu zima, kwa mazoea. Nikamuuliza nani atakunywa. Akasema, "Atapita mtu." Mto ukipungua, umwombe Bi Zena apite kwa mama kabla umutobe haujachacha. Asiseme nimemtuma.

Kuhusu Immakulata, usimsemeshe akilia, atakukasirikia. Mpe mgongo wako tu, autie magoti. Utapata shida kulala, mwishowe utazoea, na siku moja ukikaa bila magoti hayo utakosa usingizi kabisa.

Na mlaze upande wa ukutani.

Wako,
Divine